Paa la kuakisi jua kwenye vyeti vya majengo ya kijani: msamaha upi unahesabika?

#1 MchoroSafi

Wakuu, kila jengo linapopelekwa kwenye cheti cha kijani lazima atokee mtu wa kusema "paa letu limesamehewa". Limesamehewa na nani? Hapo ndipo pointi zinapopotea, kwa sababu watu wanaita msamaha mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kanuni ya nishati, kama ASHRAE 90.1 au IECC za Marekani, inaposema paa la aina fulani halilazimiki kuakisi jua. Huo ni msamaha wa kweli, ila mwisho wake ni kwenye kanuni hiyo hiyo.

La pili ni cheti chenyewe kinaposema sehemu fulani za paa zisiingizwe kwenye eneo linalohesabiwa. Hapa hujasamehewa chochote. Umepunguziwa eneo, na lililobaki linadaiwa kama kawaida.

La tatu ni njia mbadala: bustani ya paani, sola juu ya maegesho, kihami joto kinene zaidi. Deni liko pale pale, ila unalilipa kwa sarafu nyingine.

Naanza na LEED, cheti cha Marekani, matoleo ya v4 na v4.1 kwa majengo mapya, kipengele cha kupunguza kisiwa cha joto, yaani joto la ziada ambalo mapaa na sakafu huliongeza kwenye hewa ya nje. Paa lenye mteremko mdogo, yaani linalopanda 2 kwa kila 12 za mlalo au pungufu, linatakiwa kuwa na SRI (kipimo cha uso kukataa joto la jua, nakieleza hapa chini) ya 64 baada ya kukaa juani miaka 3. Kama bidhaa haina namba ya miaka 3, basi SRI ya mwanzo iwe 82. Paa lenye mteremko mkali kuliko huo linatakiwa 32 baada ya miaka 3, au 39 mwanzoni. Toleo la 2009 lilitaka SRI 78 na 29 na halikudai namba ya miaka 3, kwa hiyo datashiti za zamani zinazojisifu "inakidhi LEED" zisomwe kwa makini. Paa lenye SRI ya mwanzo 79 lilipita enzi zile, leo halipiti kwa namba hiyo.

Kwa wasioizoea SRI: ni kipimo kinachounganisha uakisi wa jua (SR) na utoaji joto (TE). Uso mweusi wa rejea, SR 0.05 na TE 0.90, ndio 0. Uso mweupe wa rejea, SR 0.80 na TE 0.90, ndio 100. Kuna bidhaa zinazovuka 100, na si kosa la uchapaji.

Karibuni tuchambue. Naomba atakayeleta namba aseme imetoka toleo gani.

#2 HesabuYaPaa

Mkuu MchoroSafi umefungua vizuri. Naongeza hesabu, maana wengi wanajua namba za SRI lakini hawajui eneo linaingiaje.

Kwa LEED v4, Chaguo la 1, unakokotoa hivi: eneo la hatua za nje ya paa ukigawa kwa 0.5, jumlisha eneo la paa linaloakisi ukigawa kwa 0.75, jumlisha eneo la bustani ya paani ukigawa kwa 0.75. Jumla hiyo iwe sawa au izidi eneo lote lililosakafiwa nje pamoja na eneo la paa.

Chukua jengo lenye paa la mita za mraba 2,400. Mashine za kiyoyozi na misingi yake zimekaa kwenye 180, paneli za sola 350, vioo vya kuingiza mwanga 70. Hizo 600 zinatolewa, linabaki paa la 1,800. Nje kuna sakafu ya 1,500. Deni lako ni 3,300.

Paa lote la 1,800 likiwa jeupe lenye SRI inayotakiwa: 1,800 ÷ 0.75 = 2,400. Unapungukiwa 900. Hizo zinalipwa na hatua za nje: 900 × 0.5 = mita za mraba 450 za pevingi ya rangi ya mwanga, kivuli cha miti, au sola juu ya maegesho.

Usipotoa zile 600, deni linakuwa 3,900 na unajikuta unatafuta 750 badala ya 450. Hiyo ni mita 300 za pevingi zisizo na sababu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu anatoa eneo la sola kwenye deni, kisha analirudisha kwenye safu ya paa linaloakisi ili aligawe kwa 0.75. Mkaguzi analiona mara moja, kwa sababu mchoro wa paa na jedwali havilingani. Eneo moja linahesabiwa mara moja.

Sola iliyo juu ya paa inatolewa. Sola iliyo juu ya sakafu ya nje inahesabiwa kama hatua ya nje. Paneli ni zile zile, safu ndiyo inayobadilika.

Kipimo cha haraka kabla ya kufungua jedwali: sakafu ya nje isipozidi theluthi moja ya paa linalohesabiwa, paa jeupe peke yake linatosha. Kwa mfano huu theluthi ni 600, na sisi tuna 1,500, kwa hiyo lazima tuguse nje.

#3 BatiTupu

Wakuu, swali. Bati la chuma lililopakwa zinki na alumini, lisilo na rangi, linang'aa sana. Datashiti inasema SR 0.65 baada ya miaka 3. Kwa nini mshauri wa cheti analikataa kwenye paa la mteremko mdogo, wakati rangi nyeupe yenye SR hiyo hiyo 0.65 anaikubali?

#4 KipimaJua

BatiTupu, jibu ni TE. Chuma tupu kinaakisi vizuri, lakini joto kidogo linaloingia hakiliachii. Ndiyo maana ukigusa bati tupu mchana linachoma ingawa linang'aa.

Fomula iliyorahisishwa ya ASTM E1980 (ASTM ni shirika la Marekani la viwango vya vipimo) ni hii. Tafuta kwanza X:

X = (α − 0.029 × TE) × (8.797 + h) ÷ (9.5205 × TE + h)

α ni 1 kutoa SR, na h ni kipimo cha upepo, ambacho kwa kazi hizi ni 12. Kisha:

SRI = 123.97 − 141.35X + 9.655X²

Rangi nyeupe, SR 0.65 na TE 0.90: X inatoka 0.327, SRI karibu 79. Bati tupu, SR 0.65 na TE 0.10: X inatoka 0.557, SRI karibu 48. Uakisi mmoja, tofauti ya pointi 31.

Rangi ya fedha, ile yenye unga wa alumini, inaanguka pale pale. Ukichukua SR 0.55 na TE 0.45 unapata SRI 48. Fundi anaiona inameta anadhani amemaliza kazi. Kwenye mteremko mkali inavuka 39 ya mwanzo, kwenye mteremko mdogo haifiki popote.

Na hapa kuna mtego ambao sioni ukizungumzwa. ASHRAE 90.1 inakubali paa kwa njia ya SR 0.55 na TE 0.75, zote za baada ya miaka 3, au kwa njia ya SRI 64. Watu wanadhani njia hizo mbili ni kitu kimoja. Weka 0.55 na 0.75 kwenye fomula uone: SRI inatoka 60. Paa hilo linapita kanuni ya nishati na linashindwa LEED kwa pointi 4. TE ikiwa 0.75, SR inatakiwa ifike karibu 0.58 ndipo upate 64. TE ikiwa 0.90, SR ya karibu 0.54 inatosha.

#5 KokotoJuu

Mada nzuri. Paa la slabu lenye utando wa kuzuia maji, juu yake kokoto za mto za kuushikilia usipeperuke. Kanuni inasema paa la kokoto limesamehewa. Sasa mnasema LEED hailijui hilo?

#6 MchoroSafi

KokotoJuu, ndiyo, na sababu yake ukiielewa hutahitaji kukariri orodha.

Kanuni ya nishati inauliza: je, joto la paa litaongeza umeme wa kupoza chumba kilicho chini? Kipengele cha kisiwa cha joto kinauliza: je, uso huu utapasha hewa ya nje na majirani? Ni maswali mawili, kwa hiyo misamaha nayo ni miwili.

Ukiipitia misamaha ya ASHRAE 90.1 kwa jicho hilo inaeleweka yote. Sharti lenyewe linahusu kanda za joto tu (kanuni inagawa maeneo kwa hali ya hewa, namba ndogo ndiyo joto zaidi), 1 hadi 3, na tangu toleo la 2016 kanda 0 imeongezwa. Kanda za baridi hazimo kwa sababu paa jeupe linazuia joto la jua ambalo wakati wa baridi lingesaidia. Halafu ndani ya kanda za joto:

Kokoto zenye uzito usiopungua pauni 17 kwa futi ya mraba, takriban kilo 83 kwa mita ya mraba, au vigae vizito vya pauni 23, takriban kilo 112. Uzito unanyonya joto mchana na kulichelewesha, chumba hakilipati wakati wa kilele.

Bustani yenye udongo usiopungua inchi 2.5 inayofunika angalau asilimia 75 ya paa.

Paa ambalo asilimia 75 yake iko kwenye kivuli cha sehemu za kudumu za jengo wakati jua liko juu kabisa katika majira ya joto, au limefunikwa na sola.

Paa lenye mteremko mkali. Paa lililo juu ya dari yenye nafasi inayopitisha hewa. Paa juu ya chumba kisichopozwa. Paa la jengo la chuma lenye mteremko mdogo kwenye kanda 2 na 3, na utando wa lami kwenye kanda hizo hizo mbili.

Sasa chukua ghala lisilo na kiyoyozi. ASHRAE inalisamehe moja kwa moja, hakuna umeme wa kupoza. LEED inalihesabu mita kwa mita, maana hewa ya nje haijui kama ndani kuna kiyoyozi. Dari inayopitisha hewa vile vile: inamlinda aliye ndani, haipunguzi joto linalotoka juu ya bati.

Kwa hiyo kokoto zako zinaingia kwenye eneo la paa, na zinatakiwa kuwa na SRI iliyopimwa. Kokoto nyeupe zilizooshwa zinaweza kufika, za kijivu sitegemei.

#7 Nishati12

Nyongeza kwenye hoja ya MchoroSafi kuhusu kanuni. Sharti la paa la ASHRAE limo kwenye sehemu ya masharti ya kufuata kipengele kwa kipengele, halimo kwenye masharti ya lazima. Jengo linalopita kwa modeli ya kompyuta, kwa kufuata Kiambatisho G cha kanuni hiyo, halilazimiki kulitimiza. Hapo paa linakuwa namba ya kuingiza tu.

Ila namba hiyo ina kanuni zake. Kwa toleo la 2016, jengo la kulinganishia linapewa SR 0.30 na TE 0.90. Jengo lako unaliingiza kwa thamani za baada ya miaka 3. Huna kipimo cha miaka 3? Unaingiza 0.30 na 0.90, sawa na la kulinganishia, na faida ya paa jeupe inakuwa sifuri. Kuingiza SR ya mwanzo ya 0.82 kutoka kwenye brosha ni kosa la kawaida mno kwenye modeli, na likisahihishwa asilimia za akiba zinashuka baada ya ripoti kutumwa.

IECC nayo inasamehe kwa vipande: sehemu zenye sola, bustani, njia za kutembea, vioo vya mwanga na mashine za kiyoyozi, na sehemu zenye kivuli, hata kile cha jengo la jirani. Na paa ambalo asilimia 75 yake imeangukia kwenye misamaha hiyo linasamehewa lote. Hii asilimia 75 ya IECC haina undugu na 0.75 ya LEED aliyoeleza HesabuYaPaa.

#8 BatiTupu

KipimaJua asante kwa fomula. Je, bidhaa isiyo na namba ya miaka 3, naweza kuikadiria mwenyewe?

#9 KipimaJua

Kwa LEED usikadirie. Wamekupa njia tayari: tumia namba ya mwanzo, 82 au 39. Kukadiria kunasaidia kujua kama unajidanganya.

Kadirio linalotumika Marekani ni: SR ya baadaye = 0.2 + β × (SR ya mwanzo − 0.2). California kwenye Title 24, kanuni yake ya nishati, inatumia β (kiwango cha uakisi unaobaki) 0.65 kwa rangi zinazopakwa kwenye eneo la kazi na 0.70 kwa nyingine. Utando mweupe wa SR 0.80 unashuka mpaka 0.62. Ukiwa na TE 0.90 hiyo ni SRI 75, bado uko salama. Rangi yenye SR 0.70 inashuka mpaka 0.525, SRI karibu 62, umeanguka. Kwa hiyo ukiona rangi ya SR 0.70 ikiuzwa kama "paa baridi", jua imepita kwenye mlango wa mwanzo tu.

Namba halisi za miaka 3 zinatoka CRRC, baraza la Marekani la kupima mapaa baridi. Sampuli zinawekwa nje miaka 3 kwenye hali ya hewa za aina tatu: joto kavu Arizona, joto lenye unyevu Florida, na baridi Ohio, kisha unachukuliwa wastani. Kuna pia njia ya maabara ya ASTM D7897 inayoichafua sampuli kwa mchanganyiko wa vumbi, masizi, chumvi na mabaki ya mimea, unapata makadirio ndani ya siku chache badala ya miaka.

Kwenye hati angalieni haya. Namba ni ya rangi ile ile mnayonunua? "Nyeupe" na "nyeupe ya maziwa" zina vyeti tofauti. SRI imekokotolewa kwa h ya 12? ASTM E1980 ina upepo wa aina tatu, 5, 12 na 30, na zipo karatasi zinazonukuu ule unaopendeza. Je, wameandika LRV? Hiyo ni mwanga unaoonekana kwa macho tu, haisemi lolote kuhusu mionzi ya infraredi, ambayo ni karibu nusu ya nishati ya jua. Na nembo ya Energy Star, ile ya Marekani ya bidhaa zinazookoa nishati, kwa bidhaa za paa ilifungwa tarehe 1 Juni 2022. Karatasi yenye nembo hiyo peke yake si ushahidi wa kutegemea.

Jambo la infraredi lina faida yake pia. Pigimenti maalumu zinaakisi infraredi huku rangi ikibaki ya udongo au kijivu. Kwa mteremko mkali, 32 inafikiwa na SR ya karibu 0.30 tu, kwa hiyo mwenye nyumba asilazimishwe paa jeupe asilolipenda.

#10 MikonoMiwili

Naona mnazungumza karatasi tu. Niweke ya juu ya paa, maana rangi nzuri ikipakwa vibaya haifiki popote.

Rangi nene ya akriliki inafanya kazi kwa unene. Lita 1 kwenye mita ya mraba ni milimita 1 ikiwa mbichi. Kama yabisi, yaani sehemu inayobaki rangi ikikauka, ni asilimia 50 kwa ujazo, ikikauka inabaki nusu milimita, ambao ni unene unaotakiwa sana. Paa la mita za mraba 1,800 linahitaji lita 1,800, ongeza asilimia 10 ya upotevu. Bati la migongo lina uso mkubwa kuliko eneo la kwenye mchoro, kwa hiyo pima urefu wa bati ukifuata mawimbi, usitumie upana wa jengo. Angalieni pia yabisi imeandikwa kwa uzito au kwa ujazo. Ya uzito huwa namba kubwa zaidi, na ukikokotolea hiyo rangi inakuwa nyembamba.

Usimwage yote kwa mkono mmoja. Mkono wa kwanza nusu lita kwa mita, mkono wa pili nusu lita ukipaka kukatiza wa kwanza. Mkono wa kwanza utiwe rangi kidogo, kijivu hafifu, ili mkono wa pili ukiruka mahali paonekane. Kila baada ya mita chache chomeka kichana cha kupimia unene ikiwa bado mbichi: meno yaliyolowa na yasiyolowa yanakuonyesha milimita umeweka ngapi. Ukisubiri ikauke umechelewa.

Kinachoharibu:

Rangi nyembamba juu ya lami. Weusi unapenya, weupe unageuka manjano ya chai, SR inaanguka kabla hata ya vumbi. Juu ya lami lazima praima, rangi ya msingi, ya kuzuia madoa.

Maji yanayotuama. Akriliki ikikaa na maji zaidi ya saa 48 baada ya mvua inalainika na kubanduka. Silikoni inayavumilia maji, lakini inashika vumbi, kwa hiyo namba yake ya miaka 3 isomwe kabla ya namba ya mwanzo. Bora kurekebisha mteremko kwanza.

Umande. Uso wa paa uwe juu ya kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Ukipaka jioni na umande ukashuka, rangi inaoshwa usiku.

Zege changa. Siku 28 zipite, la sivyo unyevu unasukuma rangi kutoka chini na inafanya malengelenge.

Kutu, mafuta ya kiwandani kwenye bati jipya, na ukungu: osha kwa presha, ukungu uuliwe kwa dawa, kutu ikwanguliwe na kupigwa praima ya chuma. Ukungu uliofunikwa na rangi unarudi juu.

#11 KokotoJuu

Kokoto naweza kuzipima pale pale paani badala ya kutafuta cheti cha maabara?

#12 KipimaJua

ASTM E1918 ndiyo ya nyuso mbaya kama kokoto, kwa sababu kile kipimo kidogo cha kushika mkononi cha C1549 kinasoma eneo dogo mno. Unahitaji eneo la angalau mita 4 kwa 4, pairanomita, kifaa cha kupima mionzi ya jua, ikiwa sentimita 50 juu ya uso. Unasoma jua linaloshuka, unaigeuza chini, unasoma linalorudi, unagawa. Jua liwe ndani ya nyuzi 45 kutoka kwenye mstari ulio wima na uso, mbingu iwe wazi. Wingu jembamba tu kati ya kusoma juu na kusoma chini linaharibu kipimo, kwa hiyo rudia. Kivuli cha mpimaji na stendi kiwe kidogo kadiri inavyowezekana.

Hicho ni SR tu. TE inapimwa kivyake. Na namba unayoipata ni ya siku hiyo: kwa kokoto mpya ni namba ya mwanzo, kwa hiyo unalinganisha na 82, si 64. Kwa kokoto 82 ni mlima, inataka SR ya karibu 0.67. Kama michoro bado iko mezani, weka vigae vyeupe vilivyopimwa.

#13 HesabuYaPaa

Au usiifanye kokoto ibebe peke yake. LEED inaruhusu wastani wa SRI kwa uzito wa eneo. Mita 1,200 zenye SRI ya miaka 3 ya 75 na mita 600 zenye 45: (1,200 × 75 + 600 × 45) ÷ 1,800 = 65. Imevuka 64 na paa lote linaingia. Hii inasaidia sana majengo yenye paa la aina mbili. Ila huwezi kufanya wastani wa sehemu yenye namba na sehemu isiyo na namba kabisa. Isiyo na namba ni sifuri.

Kwa sakafu za nje kumbukeni kipimo ni SR, si SRI: 0.28 baada ya miaka 3, au 0.33 mwanzoni kama ya miaka 3 haipo. Zege jipya la kijivu, kwa jedwali la LEED 2009, lilikuwa 0.35, na likizeeka 0.20. Miti inahesabiwa kwa kivuli itakachotoa ndani ya miaka 10 tangu kupandwa, lakini iwe imeshapandwa wakati jengo linapopata kibali cha kutumika. Nyasi bandia hazihesabiwi.

#14 UpepoWaJuu

Swali la ukumbi wa paani: bwawa, uwanja mdogo wa mpira wa kikapu, sehemu ya kukaa. Inatolewa kwenye eneo kama mashine, au inadaiwa?

#15 MchoroSafi

Haitolewi. Vinavyotolewa ni mashine, sola, vioo vya mwanga na vifaa vya aina hiyo. Sehemu inayotumiwa na watu, ikiwemo bwawa, uwanja wa michezo na kituo cha helikopta, inabaki kwenye deni, ila inaruhusiwa kulipwa kwa hatua za nje ya paa. Kigae cha kukanyagia juu ya paa kitapimwa kwa SR 0.28 au 0.33 kama pevingi, badala ya SRI 64. Huo ni unafuu mkubwa, maana sakafu nyeupe sana inaumiza macho ya wanaokaa pale. Kwenye mchoro ichoreni kwa rangi yake na muiandike kwa jina, isichanganywe na paa la kawaida.

#16 Nishati12

Kwa wanaotumia vyeti vingine. Green Star, cheti cha Australia, inagawa mteremko kwenye nyuzi 15: chini ya hapo SRI 64 ya miaka 3, juu ya hapo 34. LEED inagawa kwenye 2 kwa 12, ambayo ni nyuzi 9.5. Paa la nyuzi 12 kwa hiyo ni la mteremko mkali LEED, linatakiwa 32, na ni la mteremko mdogo Green Star, linatakiwa 64. Mwenye jengo anayetaka vyeti vyote viwili achague bidhaa kwa 64 tangu mwanzo.

EDGE, cheti cha shirika la IFC la Benki ya Dunia, haina mlango wa kupita au kushindwa kwa paa. Uakisi wa paa ni hatua mojawapo inayochangia akiba ya nishati, na kinachotakiwa ni jumla ya akiba ya asilimia 20. Kwa hiyo hata neno msamaha halina kazi pale.

#17 MikonoMiwili

Nikumbushe pia matunzo. Kuosha paa kwa maji na brashi laini kunarudisha sehemu kubwa ya uakisi uliopotea kwa vumbi na masizi. Presha ikiwa kali inabandua rangi. Mkiosha, mifereji ya maji ya mvua izibuliwe kwanza.

Kwa majengo ya hali ya hewa ya baridi, paa jeupe linapata joto kidogo la kukausha unyevu ulionaswa chini ya utando, kwa hiyo hewa ya ndani yenye unyevu izuiwe kufika juu: ziba viungio vyote kwenye matundu ya mabomba na kuzunguka parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa. Na kama jirani ni jengo refu zaidi lenye madirisha yanayotazama paa lenu, pigeni hesabu ya mng'ao kabla ya kuchagua nyeupe kali. Utando wa rangi ya mwanga usiong'aa wenye SRI ya miaka 3 ya 65 au 70 unatosha kwa pointi ile ile.

#18 MchoroSafi

Kwa atakayekusanya hati wiki hii: mchoro wa paa wenye maeneo yote kwa mita za mraba na rangi tofauti kwa kila kundi, jedwali la jumla linalolingana na mchoro huo, karatasi ya CRRC au ya maabara kwa kila bidhaa ikionyesha SR na TE za mwanzo na za miaka 3, na mteremko wa kila sehemu ulioandikwa kwenye mchoro. Mkandarasi akibadilisha bidhaa katikati ya kazi, karatasi ya bidhaa mpya iletwe kabla haijapakwa. Bidhaa "inayofanana" isiyo na namba inaligeuza paa zima kuwa sifuri kwenye jedwali, hata likiwa jeupe namna gani.